Sauti, Picha na Kisasili cha Mbwaa: Midia Anuwai katika Hadithi za Kidijitali za Wanafunzi

Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna wanafunzi wa Kiswahili wanavyoweza kutumia vipengele vya midia anuwai wanapoandaa hadithi za kidijitali kutokana na fasihi simulizi ya Meru na Embu. Kwa istilahi midia anuwai tunakusudia sauti ya msimulizi, picha tuli, picha jongefu, muziki, sauti za mazingira na maandishi, vyote vikiwa vimeunganishwa katika faili moja inayotazamwa kwenye kiwamba cha tarakilishi au cha simu ya mkononi. Hadithi ya kidijitali ni masimulizi mafupi, aghalabu ya dakika mbili hadi tano, yanayobebwa na sauti ya mtu na kusindikizwa na vipengele hivyo.

Utanzu huu una historia inayojulikana. Mnamo mwaka 1993 Dana Atchley, msanii wa Marekani aliyekuwa akisimulia maisha yake jukwaani huku picha zikionyeshwa nyuma yake, alishirikiana na Joe Lambert kuendesha warsha katika American Film Institute mjini Los Angeles. Mwaka uliofuata walianzisha kituo mjini San Francisco, nacho kikahamia Berkeley mwaka 1998. Nchini Uingereza, shirika la BBC liliendesha mradi wa namna hiyo huko Wales kuanzia mwaka 2001 hadi 2008, ambapo watu wa kawaida walifundishwa kujisimulia kwa sauti zao na picha za albamu zao. Lambert alitaja vipengele saba vya hadithi ya aina hii: mtazamo wa msimulizi, swali linalomshika msikilizaji, hisia, sauti ya msimulizi mwenyewe, muziki na sauti nyinginezo, uchache wa maneno, na mwendo. Msomaji atagundua kwamba miongoni mwa saba hivyo hakuna hata kimoja kinachohusu wingi wa picha.

Katika vyuo vyetu utanzu huu umepitia mlango wa somo la fasihi simulizi. Kwa miaka mingi mwanafunzi alitumwa kwao wakati wa likizo kukusanya ngano, visasili, methali na nyimbo, akarudi na daftari. Siku hizi anarudi na simu iliyojaa rekodi, na mhadhiri anamtaka atengeneze hadithi ya kutazamwa badala ya unukuzi wa kusomwa. Hapo ndipo tatizo linapoanza. Programu za kuhariri zinapatikana bure, picha zimejaa kwenye mtandao, muziki ni wa kubonyeza tu. Kwa hivyo kila nafasi inajazwa. Sauti ya nyanya inafunikwa na kinanda, mto wa Embu unaonyeshwa kwa picha ya mto wa Brazil, na maneno yale yale yanayosemwa yanapita pia chini ya kiwamba kwa rangi tatu.

Madai yetu ni kwamba kila kipengele kipewe kazi ambayo vingine haviwezi kuifanya, na kwamba picha ndiyo inayohitaji tahadhari kubwa zaidi, kwa sababu huamua mambo ambayo fanani aliyaacha wazi kwa makusudi. Ili tusizungumze hewani, tutafuata kisasili kimoja kinachojulikana sana Meru, kisha tukilinganishe kwa ufupi na kimoja cha Embu.

Kisasili cha Mbwaa

Wameru wengi husimulia kwamba wazee wao walitoka Mbwaa, mahali palipozungukwa na maji, ambako walitumikishwa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani Nguo Nyekundu. Mabwana hao waliwatwika mitihani isiyowezekana. Waliwataka watoe tunda lililotumbukizwa katika shimo refu bila kuingia wala kulichokoa. Wazee wakamimina maji shimoni, tunda likaelea mpaka juu. Wakatakiwa kuleta ndama anayetoa kinyesi cheupe. Wakamnywesha maziwa matupu na kumnyima majani. Wakatakiwa kutengeneza kiatu chenye manyoya pande zote mbili. Wakakata ile ngozi inayoning'inia shingoni mwa fahali. Hatimaye waliagizwa kufua mkuki ambao ncha yake ingegusa mawingu hali mpini umesimama ardhini. Hapo werevu uligonga mwamba. Mzee Koomenjoe, ambaye jina lake huandikwa kwa namna kadhaa, akawashauri kutoroka. Walipofika kwenye maji aliyapiga kwa fimbo yake, nayo yakatengana. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, yaani weusi. Waliovuka alfajiri wakaitwa Ntune, yaani wekundu. Na waliovuka jua limekwisha chomoza wakaitwa Njeru, yaani weupe. Makundi hayo matatu ya koo yanakumbukwa mpaka leo.

Bila shaka masimulizi hutofautiana kutoka Igembe hadi Imenti, na si makundi yote ya Wameru yanayokisimulia kisa hiki kwa namna moja. Bernardo Bernardi alikigusia katika kitabu chake cha mwaka 1959 kuhusu Mugwe, na Jeffrey Fadiman akakijadili kwa urefu katika maandishi yake ya miaka ya 1970 na katika kitabu cha mwaka 1993. Kwa mwanafunzi anayetaka kutengeneza hadithi ya kidijitali, kisasili hiki ni hazina. Kina mafumbo, kina hatari, kina mwanga unaobadilika mara tatu. Vilevile kina mtego, nasi tutaufikia.

Sauti hutangulia

M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alieleza kwamba fasihi simulizi ni tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Daftari la mwanafunzi wa zamani liliokoa jambo moja tu kati ya hayo sita, yaani fani, tena nusu yake. Rekodi ya sauti inaokoa zaidi: kiimbo cha fanani, kusita kwake, kicheko cha wajukuu, jogoo anayewika nyuma ya nyumba. Kwa sababu hiyo mtu anayeanza mradi wake kwa kutafuta picha ameshika mkia na kumwacha ng'ombe. Aanze kwa sauti, aihariri mpaka isimame peke yake kama kipindi cha redio, ndipo afikirie kiwamba. Wasikilizaji wa Muuga FM na Wimwaro FM hawahitaji kuelezwa kwamba hadithi inaweza kutazamwa kwa masikio.

Kuna mambo machache ya kiufundi yanayofaa kutajwa. Simu iwekwe umbali wa shubiri moja hivi kutoka kinywani, pembeni kidogo ili pumzi ya herufi kama p na b isiigonge. Chumba chenye nguo, magodoro au mapazia hunyonya mwangwi. Chumba cha mabati matupu huurudisha wote, na mvua ikinyesha kazi imekwisha. Kabla ya kuondoka, mwanafunzi arekodi dakika nzima ya kimya cha mahali pale. Kimya hicho si kitupu: kina upepo wake na wadudu wake, nacho ndicho kitakachoziba mapengo wakati wa kuhariri, kwa maana kimya cha tarakilishi hutambulika mara moja kama shimo. Na rekodi hiyo isitumwe kwa WhatsApp kisha nakala iliyopokewa ikafanywa asilia, kwani safari hiyo hupunguza ubora wa faili. Inakiliwe kwa waya.

Urefu nao una hesabu yake. Miongozo mingi ya Kiingereza humpa mwandishi idadi ya maneno kwa kila dakika. Idadi hizo hazitufai. Neno kama hawakuwaruhusu ni sentensi nzima ya Kiingereza, na huchukua muda wa sentensi. Mwanafunzi wa Kiswahili ajipime kwa saa, si kwa kuhesabu maneno.

Jambo lililo na uzito zaidi ni tanakali za sauti. Kiswahili kina utajiri ambao watengenezaji wa filamu hulazimika kuununua: mtu hutumbukia majini chubwi, huanguka pu, giza huwa totoro, kukapambazuka kweupe pe. Fanani anaposema kwamba tunda lilitumbukia shimoni chubwi, halafu mhariri akaongeza mlio halisi wa maji, kimoja kimemuua mwenzake. Tanakali ni mlio ambao lugha imekwisha kuutengeneza. Ukiuongezea mlio mwingine unamwambia msikilizaji kwamba fanani hatoshi. Afadhali baada ya chubwi iachwe nusu nukta ya kimya. Mlio halisi wa maji uhifadhiwe kwa ajili ya mahali ambapo fanani amenyamaza, kwa mfano pale watu wote wanaposimama ukingoni na hakuna ajuaye la kusema.

Je, lugha? Mradi ni wa Kiswahili, lakini kisasili ni cha Kimeru, na mara nyingi fanani ni mzee anayetiririka kwa Kimeru na kujikwaa kwa Kiswahili. Kumlazimisha asimulie kwa Kiswahili ni kumvua joho. Njia inayofaa, kwa maoni yetu, ni mwanafunzi kusimulia kwa Kiswahili kwa sauti yake mwenyewe na kuziacha sehemu fulani za mzee katika Kimeru: majina, vianzio, wimbo, na yale maneno ya Koomenjoe anapoyaamrisha maji. Msikilizaji wa Mombasa hatayaelewa maneno yenyewe, lakini ataelewa kwamba hapa amesimama mwenye hadithi. Maana iandikwe chini ya picha. Hapo maandishi yamepata kazi halali.

Picha na mtego wake

Tuchukulie kwamba sauti iko tayari. Mwanafunzi anaanza na mitihani ya Nguo Ntune. Kosa la kwanza analoweza kufanya ni la mpangilio: fanani anauliza kiatu chenye manyoya pande zote mbili kitapatikana wapi, na papo hapo kiwamba kinaonyesha shingo ya fahali. Kitendawili kimeteguliwa kabla ya hadhira kupewa mji. Katika utendaji wa ana kwa ana fanani huyatazama macho ya wasikilizaji, akaona nani ameshikwa, akavuta muda. Mhariri hana macho hayo. Badala yake ana mpangilio wa picha. Basi picha ya swali ionyeshe kiatu, au mikono ya mtu inayokigeuzageuza kipande cha ngozi, na ikae hapo kwa muda unaokera kidogo. Shingo ya fahali ije baada ya jibu kusemwa, au isije kabisa.

Mtego wenyewe uko katika maswali mawili ambayo kisasili hakikuyajibu. Mbwaa iko wapi? Nguo Ntune ni akina nani?

Kuhusu swali la kwanza, Fadiman alipendekeza kwamba Mbwaa ni sehemu ya Kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Wengine, kwa kuvutwa na mfanano wa kisa hiki na kile cha Musa katika Kitabu cha Kutoka, wameitafuta Bahari ya Shamu na Misri. J. Forbes Munro aliandika mwaka 1967 akitilia shaka mtazamo wa kuyachukua masimulizi ya aina hii kama ramani ya uhamaji wa watu wa nyanda za juu za mashariki ya Kenya. Mjadala haujafungwa. Fanani hana haja ya kuufunga: anasema Mbwaa, na neno hilo linatosha. Lakini kamera haiwezi kupiga picha ya neno. Mwanafunzi akiweka minazi na jahazi, ameamua kwamba ni pwani ya Kenya. Akiweka piramidi, ameamua kwamba ni Misri. Ameandika tasnifu bila kutoa hata hoja moja, na mtoto wa darasa la tano atakayeitazama hadithi hiyo hatajua kwamba palikuwa na mjadala.

Swali la pili ni zito zaidi, hasa kwetu tunaosoma lugha iliyozaliwa pwani. Mara nyingi watu wenye nguo nyekundu wamefasiriwa kuwa Waarabu au watu wa pwani. Ufasiri huo unaweza kujadiliwa darasani kwa ushahidi. Picha haijadili. Ukiutafuta mtandao ukapata picha ya mzee wa Lamu aliyevaa kanzu na kilemba, ukaigeuza rangi ikawa nyekundu na kuiweka chini ya maneno kuhusu mabwana wakatili, umemshtaki mtu aliye hai, mwenye jina na wajukuu, kwa jambo ambalo hata kisasili chenyewe hakikumtaja. Wanafunzi wa Chuka, Embu na Meru wanasoma pamoja na wenzao kutoka Lamu na Kwale; hadithi hiyo itaonyeshwa wakiwa wamekaa viti vya mbele.

Siku hizi kuna hatari nyingine ya jamii hiyo hiyo. Programu za akili unde huchora chochote zinachoagizwa kwa maneno machache. Ukiziagiza mzee wa Kimeru wa kale zitakupa mzee bila kusita, lakini mavazi yake yanaweza kuwa ya Wamaasai, shanga zake za Wazulu na mlima ulio nyuma yake Kilimanjaro. Programu haikuamua kudanganya. Imekusanya picha nyingi za mahali pengi ikatoa wastani wake. Kazi ya mwanafunzi wa fasihi simulizi ni kinyume cha wastani.

Je, tufanyeje? Dawa inapatikana katika kisasili chenyewe, nayo ni mwanga. Wavukaji wa usiku, wa alfajiri na wa mchana wanatofautishwa na rangi ya anga peke yake. Mwanafunzi anaweza kuiweka kamera mahali pamoja, kando ya mto wowote, iwe Kathita au Thuci, akapiga picha mara tatu: kukiwa na giza, mawingu yakiwa mekundu, na jua likiwa limetoka. Aisogeze kamera karibu na maji kiasi cha kutoonyesha kingo. Maji yasiyo na kingo hayana ramani. Hayasemi Manda wala Misri, hata Thuci yenyewe haitambuliki. Halafu Kiswahili kifanye kazi yake juu ya picha hizo tatu: giza totoro, nyekundu ndu, kweupe pe. Hapa picha, sauti na lugha vimegawana kazi, na koo tatu zimepata maelezo ambayo kurasa mbili za daftari zisingeyatoa.

Nao Nguo Ntune? Waonyeshwe kwa kitambaa. Pindo la nguo nyekundu linalopita mlangoni, au kivuli ukutani, linatisha kuliko uso wowote wa kuazima. Michoro ya mkono ya mwanafunzi mwenyewe inafaa pia, hata kama hajui kuchora vizuri, kwa sababu mchoro hujitangaza kuwa ni mchoro. Picha ya kamera, kinyume chake, hujifanya ushahidi.

Picha za kumbukumbu ni suala jingine. Makavazi ya Meru, yaliyofunguliwa mwaka 1974 katika jengo lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya wakati wa ukoloni, ni mahali pazuri pa kuanzia kwa anayetaka kuona vifaa halisi badala ya kuvibuni. Hata hivyo, mengi tuliyo nayo kuhusu Wameru wa nusu ya kwanza ya karne ya 20, yawe maandishi au picha, yalitengenezwa na watawala au wamishenari kwa haja zao. H. E. Lambert, ambaye wanafunzi wa isimu wanamfahamu kwa uchunguzi wake wa Kivumba na Kichifundi (naye hana uhusiano na Joe Lambert tuliyemtaja mwanzoni), alikuwa mkuu wa wilaya ya Meru katika miaka ya 1930, na kitabu chake cha mwaka 1947 kinaichunguza jamii hiyo kwa jicho la mtu anayetaka kuitawala kupitia taasisi zake za jadi. Picha yoyote ya kipindi hicho iandikwe mwaka na mpigaji iwapo vinajulikana. Picha ya mwaka 1930 ikiwekwa juu ya kisa cha Mbwaa bila maelezo, mtazamaji atadhani ni picha ya wakimbizi wa Mbwaa wenyewe.

Embu: mahali panapoonekana

Kisasili cha Waembu kinatupeleka upande wa pili wa tatizo hili. Kinasimulia kwamba Ngai alimuumba Mwenendega, akampa mke mrembo karibu na maporomoko ya maji ya Mbui Njeru, naye akaitwa Ciurunji, jina ambalo masimulizi hulihusisha na maporomoko hayo. Wakabarikiwa mali, na uzao wao ukaijaza nchi ya Embu. Maporomoko yenyewe yapo, si mbali na mji wa Runyenjes. H. S. K. Mwaniki alikusanya masimulizi ya Embu na Mbeere katika kazi zake za mwaka 1973 na 1974, na Ciarunji Chesaina akachapisha mkusanyiko wa fasihi simulizi ya jamii hizo mbili mwaka 1997, kwa hivyo mwanafunzi ana matini za kulinganisha na yale atakayoyasikia.

Hapa picha ya mahali haifungi mjadala, inatekeleza wajibu. Fanani wa Embu anaposema Mbui Njeru anaashiria kwa mkono, na wasikilizaji wake wanajua njia. Hadithi ya kidijitali itakayosafiri hadi Dodoma au Zanzibar inapoteza mkono ule, na picha inaweza kuurudisha. Kwa hivyo mtu asiazime maporomoko ya kigeni kwa sababu eti ni makubwa zaidi. Aende pale, na arekodi mlio wake kwa angalau dakika mbili, kwanza kwa mbali, halafu akiukaribia, kwani mlio unaokua ndio unaomwambia msikilizaji kwamba Mwenendega anakaribia asichokijua. Kinga ya upepo inaweza kuwa soksi safi iliyovikwa simu. Tatizo pekee ni kwamba mlio wa maporomoko hufunika masafa mengi ya sauti ya binadamu, kwa hivyo msimulizi asirekodiwe palepale. Arekodiwe nyumbani, na maji yashushwe chini kila anapozungumza.

Kuhusu sura ya Ciurunji hatuna mengi ya kusema. Kila msikilizaji ana mrembo wake. Asionyeshwe.

Muziki na maandishi

Muziki ndio kipengele kinachotumiwa vibaya kwa urahisi zaidi, kwa kuwa huonekana hauna maana na kwa hiyo hauna madhara. Wapiga ngoma wa Chuka, wanaobana ngoma ndefu kati ya mapaja zikiwa zimeinama, wamekuwa nembo ya sehemu hii ya nchi katika sherehe za kitaifa, na wanafunzi hupenda kuitandaza midundo yao chini ya hadithi yoyote inayotoka Mlima Kenya. Lakini ngoma ina tukio lake, na msikilizaji wa Chuka atajiuliza kwa nini watu wanaotoroka usiku kimyakimya wanapigiwa ngoma ya shangwe. Nyimbo za jando zina masharti makali zaidi: nyingine hazikukusudiwa masikio ya kila mtu, na kuziweka mahali ambapo mtoto yeyote anaweza kuzifungua ni kuvunja mwiko ambao mwenye wimbo hakuuondoa. Iwapo kuna wimbo ndani ya ngano yenyewe, huo unatosha, tena usikike mzima bila maneno juu yake. Aghalabu wimbo wa ngano hubeba taarifa ambayo mhusika hawezi kuisema waziwazi. Ukipunguzwa sauti ili msimulizi aendelee kueleza, ngano imevunjwa mguu.

Maandishi yatumike kwa uchache. Richard Mayer, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu ujifunzaji kwa midia anuwai, alionyesha kwamba watu huelewa vyema zaidi wanapopewa picha pamoja na maelezo ya sauti kuliko wanapopewa picha, sauti na maandishi yanayorudia sauti ileile. Macho hayawezi kusoma na kutazama kwa wakati mmoja. Tunaongeza tu kwamba asiyesikia ana haki ya maandishi kamili. Kwa hivyo litengenezwe toleo la pili lenye maandishi yote, au yawekwe kwa namna ya kuyawasha na kuyazima. Mistari isizidi miwili, na ikatwe penye pumzi.

Tahajia nayo ni suala la heshima. Kimeru na Kiembu vina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa ĩ na ũ. Aina nyingi za herufi kwenye programu za kuhariri huzigeuza kuwa visanduku vitupu, na mwanafunzi aliyechoka huziacha zikawa i na u. Mradi wa idara ya lugha hauwezi kulichukulia hilo kama dogo. Atafutwe mwandiko unaozibeba. Kithaka wa Mberia, mshairi anayetoka Tharaka, ameonyesha katika diwani zake kwamba namna maneno yanavyopangwa kwenye ukurasa ni sehemu ya maana. Kiwamba nacho ni ukurasa.

Idhini na hifadhi

Kenya ina Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni, Nambari 33 ya mwaka 2016, inayotambua ngano, nyimbo na alama za jamii kama mali ya jamii hiyo na kutaka idhini itolewe mapema, kwa kuelewa, kabla ya mtu wa nje kuzitumia nje ya mazingira yake ya kijadi. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayohusu sauti na picha za mtu anayetambulika. Karatasi ya idhini iliyoandikwa kwa Kiingereza na kutiwa kidole gumba haitimizi roho ya sheria hizi. Mzee aulizwe kwa lugha yake, na jibu lake lirekodiwe. Aulizwe maswali matatu mbali mbali: je, nirekodi? je, niwaonyeshe wenzangu darasani? je, niiweke mahali ambapo mtu yeyote duniani anaweza kuiona? Wengi hukubali la kwanza na la pili. La tatu huchukua muda, na wakati mwingine mzee husema kwamba yeye si mwenye kisa peke yake, ni lazima awaulize wenziwe. Mwanafunzi angoje. Ikiwa jibu halijaja muhula ukiisha, hadithi ionyeshwe darasani tu, na mhadhiri atoe alama kwa kilichopo.

Mwishoni mwa hadithi paandikwe jina la fanani kama ameridhia, lugha aliyosimulia, mahali, tarehe, na aliyetafsiri. Majina ya programu zilizotumika yanaweza kufuata. Rekodi ghafi, ile ndefu yenye jogoo na makosa, ihifadhiwe katika idara na nakala moja irudishwe kwa fanani katika kifaa anachoweza kukifungua, iwe kadi ya simu ya mjukuu wake au diski. Hadithi ya dakika tatu itazeeka pamoja na programu iliyoitengeneza, kama zilivyokwama kazi zilizoachwa nusu katika Windows Movie Maker baada ya Microsoft kuacha kuitoa mnamo Januari 2017. Rekodi ghafi ya dakika arobaini, iliyohifadhiwa bila kubanwa na kuandikwa vizuri jina la faili, ndiyo atakayoihitaji mwanafunzi wa mwaka 2050 atakayetaka kujua mzee alisema nini hasa kuhusu Mbwaa kabla hatujachagua sehemu zilizotupendeza.